Kosa la Hsp70: Jiko Lilipofanywa Kadhi

Wasomaji waliofuatilia kadhia ya Hsp70, protini ya binadamu iliyotengenezwa ndani ya bakteria E. coli kwa ajili ya utafiti, na ambayo mwaka 2000 ilitangazwa kuwa huziamsha seli za kinga kupitia kipokezi chao CD14 hata zikatoa TNF, protini ya kuchochea uvimbe, hawatastaajabu nikisema tangu sasa kwamba hoja ile iliangushwa na uamuzi mmoja, nao ni kuamini kuwa kuchemsha kwatosha kutenga kazi ya protini na kazi ya sumu ya bakteria. Upandikizaji wa jeni haukuwa na ila.

Tuutazame uamuzi wenyewe. Ganda la nje la kila E. coli limejaa lipopolisakaridi, yaani endotoksini, molekuli zipatazo milioni moja au mbili, na seli inapopasuliwa ili protini itolewe, sumu hiyo humwagika pamoja nayo na kuambatana nayo. Tena huingia kwa mlango ule ule wa CD14, na chini ya nanogramu moja katika mililita yatosha kuiamsha makrofaji, mojawapo ya seli hizo za kinga. Maadamu watuhumiwa wawili walipita mlango mmoja, ilipasa burhani iwe nzito mara mbili. Badala yake ikasemwa kwamba protini huharibika kwa moto ilhali sumu hustahimili, kwa hiyo kazi iliyokoma baada ya kuchemsha ilikuwa ya protini. Hayo ni kweli sumu inapokuwa nyingi. Inapokuwa kidogo, kama ilivyokuwa ndani ya chupa zile, nayo hudhoofika motoni! Ilitakiwa kichemshwe kando kiasi kile kile cha sumu kilichopimwa ndani ya protini, kisha vilinganishwe; jambo la asubuhi moja, nalo likaachwa. Polimiksini B, dawa inayoifunga sumu hiyo na iliyotegemewa kuwa shahidi wa pili, haikufaa, kwani haikuuzuia uchafu mwingine ulioandamana na sumu.

Mwaka 2003 watafiti Gao na Tsan walitumia Hsp70 iliyosafishwa vilivyo, na makrofaji za panya hazikutoa TNF.

Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia: asilimia 95 inayoandikwa kwenye lebo ni usafi uliopimwa kwenye jeli, na rangi ya Coomassie inayoitia jeli hiyo rangi hushika protini, si lipopolisakaridi, hivyo sumu hupita mbele ya macho ya mnunuzi bila kuacha hata mstari.

Wa kale hawakuwa hivi. Florence Seibert, katika miaka ya 1920, alipoona homa zinafuata sindano, hakulaumu dawa, bali aliifuatilia sumu ya bakteria hadi ndani ya maji yaliyokenekwa. Nao Itakura, Riggs na Boyer, mwaka 1977, bakteria walipoimeng'enya somatostatini yao, waliiunganisha na beta-galaktosidasi ili isiliwe, kisha wakaikata kwa sianojeni bromidi penye methionini, wakijua kwamba katika asidi amino 14 za homoni ile methionini haimo. Hao walimshuku bakteria kabla ya kumsifu.

Basi wewe unayeagiza protini ya binadamu iliyotoka kwa bakteria, nawe wataka kuimimina juu ya seli za kinga, dai kipimo cha endotoksini kabla hujalipa, nayo uipime tena mwenyewe siku chupa itakapofika.