Morozko: Binti Aliyesema Hasikii Baridi

Filamu ya Morozko (1964), ya mwongozaji wa Kisovieti Aleksandr Rou, imebebwa na swali moja. Nastenka, binti anayeteswa na mama wa kambo, ameachwa msituni kwenye theluji. Anatokea mzee Morozko, bwana wa baridi, anazidisha ubaridi kisha anamuuliza kama anasikia joto. Binti anatetemeka, lakini anajibu kwamba ndiyo, anasikia joto. Kwa jibu hilo anavikwa koti la manyoya, na baadaye anapewa mali.

Sisi tunaosema "sijambo" kwanza hata tukiwa hoi, halafu ndiyo tutaje homa, tunamwelewa haraka. Ni adabu. Ila jamani, anatuzwa kwa wema au kwa kunyamaza?

Rou hakulibuni jaribio hilo. Limo katika ngano zilizokusanywa na Afanasyev karne ya 19, ambamo binti wa pili, yule wa mama wa kambo, anamjibu mzee kwa ukali na baridi inamuua. Rou amemhurumia. Marfushka wake anarudi kwao mzima, akivutwa na nguruwe, na sanduku lake likifunguliwa wanaruka kunguru. Unacheka, na hakuna maiti.

Jambo kubwa aliloongeza ni Ivan, kijana wa majivuno anayegeuzwa kichwa kuwa cha dubu. Anahangaika kutafuta mtu wa kumtendea wema ili arudishiwe sura yake, lakini wapi! Anapona pale anapombeba bibi kizee hadi kwake bila kuwaza malipo. Kwangu hapo ndipo penye uhai wa filamu hii.

Na hapohapo ndipo inaponikera. Ivan anaruhusiwa kukosea, kulia na kubadilika. Nastenka wa Natalya Sedykh ni yuleyule mwanzo hadi mwisho, kazi yake kuvumilia. Ndiyo maana Inna Churikova, akiwa Marfushka mlafi na mwenye makelele, anakumbukwa zaidi: ni mchoyo, sawa, lakini walau anasema anachokisikia mwilini.

Itazameni, hasa mkiwa na watoto. Huko Cheki huonyeshwa kila msimu wa Krismasi, na inastahili. Wacheni watoto wawacheke nguruwe. Halafu waambieni: ukisikia baridi, sema.