Mkono Mwepesi

Kinyozi mzuri hujulikana kabla mashine haijagusa kichwa. Mteja akishakaa, yeye hakimbilii swichi. Hupitisha vidole kisogoni, akafuata zinakoelekea nywele, akatafuta kovu, uvimbe, na lile duara la utosini ambapo nywele huzunguka na kuota kila upande. Kisha hukigeuza kichwa ili balbu ikipige ubavuni. Mwanga wa juu huficha mabaka. Wa pembeni huyaanika yote.

Nawasifu vinyozi wa Mashimoni, hii ya Kibera, siyo ile ya Mathare, kwa sababu kazi yao haina pa kujificha. Uliyemnyoa vibaya Jumamosi utapishana naye wiki nzima kwenye vijia vya kuelekea Lindi na Laini Saba, na kila anayemwona atamuuliza amenyolewa wapi.

Wengi hudhani ufundi uko kwenye mashine. Mashine ina uzito wake, sibishi. Zile nzito zenye waya zinafuata wazo la Leo Wahl, Mmarekani aliyeanza kuziunda mwaka 1919: umeme huigeuza koili kuwa sumaku inayovuta chuma na kukiachia, na meno ya juu huenda na kurudi juu ya yale ya chini. Kwa stima yetu, hilo hutokea mara 100 kila sekunde. Stima ikipungua nguvu, mlio hubadilika na meno huanza kung'oa badala ya kukata. Fundi husikia kabla mteja hajashtuka. Huchukua bisibisi, akazungusha skrubu ya ubavuni mpaka mashine igonge, akairudisha kidogo mpaka ivume sawasawa, kisha akaitia tone la mafuta. Ukimwona kinyozi akifanya hivyo bila kukatiza mazungumzo, kaa kwenye foleni yake.

Lakini mashine ile ile mikononi mwa mwingine huharibu kichwa. Chanuo namba moja huacha nywele za milimita 3, namba mbili milimita 6, na fedi yote inayosifiwa mtaani hupatikana kwenye nafasi hiyo finyu, kati ya ngozi na namba hizo. Kwa hiyo fundi huanza na ndefu akishuka taratibu, maana kilichokatwa hakirudishwi. Anapopanda kutoka shingoni, kiwiko chake huinuka na meno huachana na kichwa kwa kupinda, yasiache ngazi. Uzito wa mashine unatosha. Anayeikandamiza anaacha alama.

Jaribu kubwa liko kwenye laini ya mbele. Mteja anataka kona kali. Asiyejua kazi hunyoosha kushoto, akaona kulia kumepinda, akanyoosha kulia, na akimaliza paji la uso limeongezeka. Baada ya siku chache vinyweleo huchipuka mbele ya laini na kumuumbua. Fundi huanzia katikati na kufuata ukingo wa nywele zenyewe, hata kama haujanyooka kama rula.

Hapo ndipo ninapowapenda zaidi, kwenye ujasiri wa kuacha. Nywele zetu zilizojisokota zikikatwa hadi chini ya ngozi, ncha hujipinda na kuichoma upya, na shingo hujaa vipele ambavyo kwa wengine huwa makovu magumu. Kinyozi anayejali husema, "Mzee, hapa nyuma tuache kidogo, uko na vipele," ingawa mzee ameagiza ingae.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na vinyozi hufaidika kwa hilo. Kila mmoja hulazimika kukaa kwenye kiti cha mwenzake, na shingo yake ndiyo inayomwambia mkono mwepesi ukoje. Sijui mafunzo gani yanaweza kushinda hayo.

Januari shule zinapofunguliwa, watoto hujazana kwenye benchi, wote wa kunyolewa chini, na haraka hukaribisha uchafu. Mapunye hupenda siku kama hizo. Nywele zilizonaswa kwenye meno lazima zisuguliwe kwa brashi kwanza, ndipo spiriti ipakwe. Spiriti juu ya nywele za mtoto aliyetangulia haifanyi kazi yake. Mtoto mwenye mapunye hanyolewi kwa mashine ya wote, wala hafedheheshwi mbele ya wenzake. Anayemjali humwita mama pembeni na kumweleza kwamba dawa ya kupaka peke yake haitatosha, kwa kuwa ugonjwa umeingia kwenye shina la unywele, kwa hiyo ampeleke kliniki akapewe ya kumeza. Kisha humwita anayefuata, na anakubali kupoteza malipo ya kichwa kimoja siku ambayo angepata zaidi kuliko siku yoyote ya mwezi.