Baba Maskini Alikuwa Mwalimu

Ukipita Tom Mboya jioni, watu wakitoka kazini, utavikuta vitabu vimelala kwenye gunia kando ya barabara. Napoleon Hill yuko hapo, Robert Greene na sheria zake za mamlaka yuko hapo, George Clason na tajiri wake wa Babeli, na katikati yao, na jalada lake la zambarau, *Rich Dad Poor Dad* cha Robert Kiyosaki. Riwaya ya Kiswahili huioni, labda ile iliyo kwenye mtaala, na hiyo nayo imepangwa pembeni karibu na vitabu vya marudio. Muuzaji hakuhimizi. Anajua kitakachokusimamisha.

Wahakiki wetu hawavigusi vitabu hivi. Tunaviita vya motisha, tunacheka kidogo, halafu tunarudi kwenye riwaya zetu. Nadhani tunakosea. Haya ndiyo masimulizi ambayo watu wanayasoma kwenye matatu wakiwa wamesimama, wanayapigia mstari kwa biro, wanayahubiri kwenye chama na kanisani. Kitabu kinachomfanya mtu abadilishe anavyomtazama mzazi wake kinastahili kusomwa kwa makini kama kitabu kingine chochote.

Nasema mzazi kwa sababu yangu. Baba yangu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mbili. Kitabu cha Kiyosaki nimekisoma mara tatu: mara ya kwanza kama muumini, mara ya pili kwa hasira, na mara ya tatu, mwaka huu, kama msomaji.

Mara ya kwanza ilikuwa 2013. Kwa asiyekijua: kilitoka 1997, Kiyosaki akiwa amekiandika na Sharon Lechter, na kinamsimulia mvulana wa Hawaii aliyelelewa na baba wawili. Mmoja ni baba mzazi, msomi, mtu wa elimu, anayeamini shule, kazi ya serikali na pensheni. Huyo ndiye maskini. Wa pili ni baba wa rafiki yake Mike, ambaye hakusoma sana lakini ana biashara. Huyo ndiye tajiri. Baba maskini anafanyia pesa kazi, baba tajiri anazifanya pesa zimfanyie kazi yeye. Na nyumba unayoishi, kitabu kinasema, usiihesabu kama mali, kwa sababu kila mwezi inakutoa pesa mfukoni.

Basi mimi Krismasi ya mwaka huo nikaenda nyumbani, nikaketi kwenye ile nyumba ya mawe ambayo baba aliijenga chumba kimoja kimoja kwa mikopo ya Sacco, akiongeza chumba kila mkopo ulipoisha, nikamwambia, "Baba, nyumba si mali. Inakula pesa tu."

Alikuwa anamimina chai. Akamaliza kumimina. "Na wewe ulilala wapi jana, mama?"

Niliona amenijibu kama baba maskini angejibu. Hicho ndicho kitabu kilichokuwa kimenifundisha: kusikia sauti ya mtu mzima aliyenisomesha na kuitambua kama kasoro.

Mnakumbuka mwaka huo kware walikuwa wameingia Kenya kama dini. Yai la kware linatibu hili, linatibu lile, kila mtu ana binamu aliyenunua gari. Ilikuwa lazima upate leseni ya KWS kwa sababu kware alihesabiwa ndege wa porini, na leseni yenyewe ikawa kama cheti cha utajiri. Nilichukua mkopo, na baba akaniongezea laki moja na nusu kutoka kwa pesa zake za kustaafu. Hakuniuliza maswali mengi. Kufikia katikati ya 2014 kila mtu alikuwa na mayai na hakuna aliyekuwa mnunuzi. Tulikula kware mpaka watoto wa dada yangu wakaanza kulia wakiona sufuria. Mkopo niliulipa hadi 2016. Laki moja na nusu sijairudisha, na baba hajawahi kuitaja.

Kwa haki, Kiyosaki hajataja kware popote. Tena sehemu ile inayoeleza jinsi ya kusoma hesabu za mtu, pesa inaingia wapi na kutoka wapi, ni nzuri na iko wazi, ningempa mtu yeyote wa kidato cha nne aisome. (Mama mboga anayajua hayo bila michoro, lakini sawa.) Kosa la kununua vifaranga lilikuwa langu. Ninalolidai kwa kitabu ni jambo lingine, nalo nililiona niliporudi kukisoma mara ya tatu, nikikisoma kama hadithi. Maana ni hadithi. Hata wanaokipenda hukumbuka visa vyake kuliko kanuni zake.

Tazama kisa cha kwanza. Robert na Mike wana umri wa miaka tisa, wanataka kuwa matajiri. Wanakusanya mirija ya dawa ya meno kutoka kwa majirani, enzi hizo ikiwa ya risasi, wanaiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu za plasta ili watengeneze sarafu. Baba maskini anatokea, anaona. Hachapi mtu, hapigi kelele. Anawaketisha kwenye ngazi za nyumba na kuwaeleza kwa upole maana ya pesa bandia na kwa nini sheria inakataza. Kisha anawasifu kwa kujaribu. Na wanapomuuliza watatajirika vipi, anakiri kwamba yeye si mtu wa kuulizwa, waende kwa baba yake Mike, maana amesikia kwa mtu wa benki kuwa yule bwana anajua mambo ya pesa.

Soma tena hapo. Aliyempeleka mvulana kwa baba tajiri ni baba maskini. Bila yeye hakuna kitabu. Katika kurasa zote zinazofuata sijaona mtu mzima mwingine akimfundisha mtoto vizuri namna ile: anakuta kosa, analieleza, anakiri mpaka wa ujuzi wake, anamwelekeza mwanafunzi kwa anayejua zaidi. Mwandishi amemchora mwalimu bora kabisa halafu akatuambia tumhurumie.

Baba tajiri, kinyume chake, hana sura. Hana jina katika kitabu. Ana duka, ana kiti cha ofisi, ana usemi. Watu wamebishana kwa miaka kama aliwahi kuwepo. Mimi ubishi huo haunisumbui sana, hadithi inaruhusiwa kubuni. Kinachonisumbua ni kwamba hata kama mhusika wa kubuni hajakamilika. Hatumwoni akipata hasara. Hatumwoni akikosea mtu. Mhusika ambaye kila anachosema ni sahihi si mtu, ni mdomo. Baba maskini ndiye mwenye mwili: anafika nyumbani akiwa na rafiki, ana bili, ana shahada, ana aibu. Ukimpa mwanafunzi wa fasihi kurasa hizi bila kichwa cha kitabu, umuulize nani ni mhusika mkuu, sidhani atasema yule tajiri.

Halafu kuna kisa cha maktaba. Wavulana wanapewa kazi dukani Jumamosi, senti kumi kwa saa, baadaye bila malipo yoyote, ili wajifunze kutafuta fursa. Wanaona vitabu vya katuni vinavyotupwa baada ya jalada kukatwa. Wanavichukua, wanafungua chumba cha kusomea kwa Mike, watoto wanalipa senti kumi kuingia. Wanapata kama dola 9.50 kwa wiki. Hapo kitabu kinapiga makofi: pesa sasa zinawafanyia kazi, hata wasipokuwepo!

Lakini aliyekuwepo ni nani? Dada yake Mike. Ndiye anayekaa mlangoni, anayepokea senti. Analipwa dola moja kwa wiki, na ruhusa ya kusoma katuni bure. Dola moja kati ya tisa na nusu. Kitabu kinamtaja kwa furaha na kumwacha hapohapo. Wavulana wakorofi wanakuja kuvuruga, ngumi zinarushwa, maktaba inafungwa, wavulana wanaendelea na masomo yao kwa baba tajiri. Msichana hatumsikii tena. Hakuna baba aliyemwita kwenye ngazi.

Hapo ndipo msemo wote wa kitabu unapofunguka kama mshono mbaya. Pesa hazifanyi kazi. Hazijawahi kupokea mtu mlangoni. Anayefanya kazi ni mtu, kwa kawaida mtu anayelipwa kidogo, na sentensi ya Kiyosaki imepangwa ili tusimwone. Kwangu mimi walikuwepo pia: kijana aliyekuwa akiwalisha kware wangu alfajiri, niliyemlipa elfu nne kwa mwezi na kujiita mwekezaji. Katika simulizi langu la hasara, lile ninalolisimulia watu wakicheka, huwa simtaji. Biashara ilipokufa, yeye ndiye aliyepoteza kazi. Mimi nilikuwa bado nina mshahara wa ofisini, ile kazi ya watu maskini.

Sasa linganisha na nasaha tulizonazo katika lugha yetu. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alitunga utendi wake kama mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake namna ya kuishi vyema na Mungu, na watu, na mume. Alifariki miaka michache tu baadaye. Mengi aliyomshauri binti kuhusu mume mimi siyakubali, na si mimi wa kwanza. Wasomi wamebishana kwa muda mrefu kama ule utiifu ni utiifu kweli au kuna mzaha na hila chini yake. Shaaban Robert naye aliandika tenzi mbili za wasia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Humo pia yapo ya kupinga, hasa ukiweka wasia wa msichana kando ya ule wa mvulana.

Lakini angalia umbo lake. Anayeusia ana jina, anayeusiwa yupo chumbani. Mama akikosea, anayeumia ni mwanawe mwenyewe. Kwa hiyo nasaha inatoka na uzito, na hata hofu. Tena mzazi anausia kutoka kwa alichopoteza: mume aliyekufa, mwili unaoisha. Hadai kwamba akifuata mambo haya sita binti hatapatwa na msiba.

Kitabu cha barabarani kinazungumza na yeyote. Kikikosea, hakuna wa kuulizwa. Hill aliandika 1937 kwamba siri yake ya utajiri ilianzia kwa Andrew Carnegie mwenyewe. Carnegie alikuwa amekufa tangu 1919, kwa hiyo hangeweza kukubali wala kukana. Huu ni ustadi wa fani, tuukubali: mpe hekima mtu asiyeweza kuulizwa. Kiyosaki alimpa mtu asiye na jina. Msomaji akifaulu, ni kitabu. Akifeli, hakuwa na akili ya tajiri. Mimi nilijilaumu miaka miwili kwa kufikiri kama mtu maskini, nisiseme hata mara moja kwamba labda yai la shilingi mia lilikuwa upuuzi.

Mtu atanijibu: na methali je? Nazo hazina mwandishi, nazo zinazungumza na yeyote. Kweli. Ila methali hukuachia nafasi ya kubisha. Ukiniambia haraka haraka haina baraka, nitakwambia chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na mzee aliyeketi hapo ataamua ni ipi inafaa leo. Kitabu cha jalada la zambarau hakikubali kuketishwa na mwenzake. Kinakuja na mpinzani wake ndani, tayari ameshashindwa, na amepewa jina la baba yako.

Lazima nikiri jambo. Swali la dada yake Mike si langu. Agosti iliyopita niliikuta nakala yangu nyumbani, kwenye rafu ya baba, kati ya Biblia na kamusi. Niliisahau huko Krismasi ile. Ni nakala ya kuchapwa kiholela, kurasa zimeinama, sehemu moja maneno yamekatwa pembeni. Baba ameipitia yote kwa kalamu nyekundu. Amerekebisha makosa ya tahajia ya mchapaji, amejaza kwa mkono maneno yaliyokatwa, na penye nyumba si mali hajaandika chochote, ameweka tu alama ndogo ya kuuliza. Kando ya kisa cha sarafu ameandika: *Njia nzuri ya kufundisha. Mwalimu huyu apewe darasa la nane.* Na penye maktaba amempigia mstari msichana, akaandika: *Jina lake?*

Nilimwuliza alikisoma lini. Akasema ni zamani, mwaka ule wa ndege.