Sindano Kabla ya Kisu

Baina ya siku ambayo tabibu hutamka kwamba dawa za kunywa zimefika kikomo chake na kwamba haina budi tumbo lifunguliwe, na siku ile mgonjwa anapovuliwa nguo zake akavishwa joho la hospitali lililo wazi mgongoni, pana muda usiokuwa wa ugonjwa wala wa afya, muda wa kungoja tu, ambao jamaa huujaza kwa dua na uji, majirani huujaza kwa visa vya waliopasuliwa wakapona na, ulimi ukiteleza, vya wale ambao hawakupona, na mgonjwa mwenyewe huujaza kwa kutazama dari. Dari za nyumba za Mji Mkongwe zina boriti za mikoko zilizopangwa safu, nazo, ijapokuwa ni nyingi, huhesabika upesi; mtu akishazihesabu mara mbili huwa hana la kufanya. Kwa muda huo naisifu kazi ya mikono, na siisifu kwa kuwa humsahaulisha mtu kisu, maana haimsahaulishi, bali kwa kuwa kazi iliyoanzwa kabla ya kisu na kuachwa nusu kwa makusudi humwekea mgonjwa shughuli katika siku za kupona, siku ambazo wengi huziona tupu kabla hata hazijafika.

Walakini si kila kazi ya mikono imfaayo mtu mwenye mshono, na katika kuchagua hapana haja ya kuona haya. Wanawake wa Jambiani na Paje, ambao huyafukia makumbi ya nazi katika mchanga wa pwani, wakayaacha kwa miezi hata yakalainika, kisha wakayafukua na kuyaponda kwa magongo mpaka zikabaki nyuzi za usumba za kusokotwa kamba, wanafanya kazi ya kustahili taadhima. Lakini ni kazi ya mgongo na mabega, na aghalabu tabibu humkataza aliyepasuliwa tumbo kunyanyua kitu kizito kwa muda wa wiki 6 hivi, sembuse kuinama juani na gongo mkononi. Ukili una nafasi yake. Ukindu uliokwisha kukatwa, kuanikwa, kuchanwa na kutiwa rangi ni mwepesi, vidole vilivyozoea huijua njia yake bila ya msaada wa macho, na msukaji aweza kusuka huku akiwaitikia waliokuja kumkagua. Ila ukili ni nusu ya mkeka. Nusu ya pili ni kuushona ule utepe mrefu ubavu kwa ubavu, mshonaji ameketi chini amenyosha miguu, na mkeka ukizidi kukua mbele yake ndivyo uzidivyo kuwa mzito wa kugeuza. Basi na asuke ukili apendavyo, na wa kuushona awe mwengine.

Ama mfarishi, lile tandiko la pamba lililokazwa kwa bandi tele, joto la Unguja halikuupa heshima kubwa, na simjui mtu ambaye angeomba kufunikwa nao mwezi wa Februari. Hata hivyo ufundi wake wa kuunganisha vipande una faida moja ambayo mwenye kungoja kisu asiipuuze. Kanga zilizochakaa, pindo la moja na mji wa nyengine, hukatwa zikaungwa kuwa foronya ndogo, foronya ikajazwa sufi, na mto huo usiozidi upana wa kifua huwa chombo cha matibabu: mwenye mshono wa tumbo akitaka kukohoa, kupiga chafya au kuinuka kitandani huukumbatia na kuukaza juu ya jeraha, nao huzuia mshono usivutike. Wataalamu wa mazoezi ya viungo hulifundisha jambo hili katika hospitali za nchi nyingi, na wengine humpa mgonjwa taulo lililokunjwa, kitu kisichokuwa na adabu wala rangi. Mto hufaa zaidi kwa kicheko, ambacho ndicho adui mkubwa wa mshono, kwani wageni wa Unguja hawaji kumtazama mgonjwa bila ya kichekesho.

Atakaye kuushona mto huo kwa namna iliyo bora na atazame ng'ambo ya bahari yetu, katika misitu ya Karnataka huko Bara Hindi, kwa Wasidi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika na ambao wanawake wao hushona mifarishi ya viraka iitwayo kawandi. Wao hawaungi vipande kwanza na kuvishonea baadaye. Huanza pembeni, wakapanga kiraka juu ya kiraka na kukishika papo hapo kwa bandi, wakazunguka hivyo hivyo kuelekea ndani hata wafike katikati, na katika kila pembe hutia vitambaa vilivyokunjwa, viitwavyo maua, ambavyo bila ya hivyo husemwa kwamba mfarishi u uchi. Mtu aweza kuisimamisha kazi ya namna hiyo popote achokapo na kuiendeleza popote apatapo nguvu, jambo ambalo mwenye mwili wa kupona hulithamini kuliko uzuri.

Lakini kazi niipayo kiti cha mbele ni kofia ya viua. Kofia hii ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na kila kipande ni tabaka za kitambaa cheupe cha pamba zilizoshikanishwa pamoja. Juu ya kitambaa huchorwa kwa kalamu ya risasi nakshi ya maua, nyota, majani na mistari inayopishana, na tangu hapo kazi yote iliyobaki ni matundu: kitambaa hutobolewa, na ukingo wa tundu huzungushwa uzi, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka tundu likawa jicho dogo gumu lisilolegea hata kofia ifuliwe na kutiwa wanga mara ngapi. Matundu hayo hupitisha hewa kichwani, na kwa hiyo nakshi na manufaa vimekuwa kitu kimoja, nisijue ni kipi kilichomtangulia mwenziwe. Kofia njema ina viua kwa mamia. Kuimaliza huchukua wiki nyingi, na ile iliyo bora kabisa, miezi.

Wepesi wake ni sifa, kwa kuwa kipande cha kofia pajani hakifiki uzito wa chungwa, na mkao wake ni sifa pia, kwa kuwa hushonwa mtu amekaa wima kwenye kiti, na matabibu wa leo hupenda mgonjwa akae na asimame mapema badala ya kulala mfululizo. Lakini shani yake hasa ni kwamba kipimo chake ni kiua kimoja. Mwenye nguvu za viua vitatu hushona vitatu, na vile vitatu vimekwisha, havidai kitu, havifumuki usiku, wala havimlaumu aliyeviacha vingine kwa ajili ya kesho. Mimi mwenyewe nilikwenda kwa kisu nimeacha nyumbani ukanda wa kofia uliokwisha kuchorwa wote na kutobolewa robo yake, na nakiri kwamba asubuhi ile, nikiwa nimefungishwa kula na kunywa, niliufikiria ukanda ule kuliko nilivyofikiria mambo ambayo wazee husema yafikiriwe saa kama ile.

Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886 kwa jina lake la ndoa, Emily Ruete, ameeleza namna mabibi wa nyumba ya kifalme walivyokuwa wakipitisha saa zao wakidarizi barakoa na suruali zao kwa nyuzi za dhahabu, na nguo za waume na ndugu zao kwa hariri. Msifu wa darizi hana haki ya kuficha kwamba mabibi wale walikuwa na watumwa wa kuwafanyia mengine yote, na kwamba faragha ya vidole vyao ilikuwa jasho la watu wengine. Mgonjwa, kwa wiki chache, hupata faragha ile bila ya kumdhulumu mtu. Na kwa kuwa hauzi saa zake, kofia za mashine zilizojaa sokoni Darajani, kwa bei ambayo mkono hauwezi kushindana nayo, hazimtishi, kama zimtishavyo mjane anayeshona ili ale. Hata Maskati, ambako kofia za viua zilivuka pamoja na watu waliohama Unguja na ambako huvaliwa hadi leo, mashine imeingia.

Tena isidhaniwe kwamba sindano ya darizi na kisu cha tabibu ni wageni wasiojuana. Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1013, katika kitabu chake al-Tasrif chenye juzuu 30 aliandika habari za kushona majeraha ya ndani kwa uzi wa utumbo wa mnyama, ambao mwili huuyeyusha wenyewe. Na mwaka 1894, Sadi Carnot, Rais wa Ufaransa, alipochomwa kisu mjini Lyon, mshipa mkubwa uendao kwenye ini ulikatika, na matabibu waliomzunguka hawakuwa na hila, kwani hapakuwa na mtu aliyejua kuushona mshipa wa damu ukashika. Kijana mmoja wa tiba mjini humo, Alexis Carrel, alikataa kulikubali jambo hilo, akaenda kwa mdarizi stadi wa Lyon, Madame Leroudier, akafunzwa kushika sindano nyembamba na uzi wa hariri. Mwaka 1902 akaitangaza njia yake ya kuunga mishipa, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Fikra zake za baadaye juu ya nani astahiliye kuzaa sizisifu hata kidogo. Ninayemsifu ni yule mwalimu wake, ambaye jina lake halimo katika tuzo. Mji huo huo wa Lyon ndiko alikopasuliwa utumbo, mwezi wa Januari 1941, mchoraji Henri Matisse, mwenye umri wa miaka 71, ambaye alipokosa nguvu za kusimama mbele ya turubai alizidi kuushika mkasi, akakata karatasi zilizopakwa rangi, na kwazo akatoa kitabu cha Jazz mwaka 1947. Wapo wanaoziona karatasi zile ni bora kuliko mengi aliyochora akiwa mzima, na mimi ni mmoja wao.

Maandalizi yenyewe yahitaji kugawa kazi kwa busara. Yanayotaka miguu, meza na akili iliyo safi, yaani kununua kitambaa Mchangani, kukata, kuchora na kupiga bandi, yatangulie kisu. Viua viachwe kwa ajili ya baadaye, na hata hivyo si kwa siku za mwanzo, wakati dawa za maumivu zingali zikiuyumbisha mkono. Wodini, iwe Mnazi Mmoja, ambayo watu wa makamo waliijua kwa jina la V. I. Lenin, au kwengineko, ni bora kupeleka ukili kuliko sindano, kwani sindano iliyopotea katika shuka la mgonjwa ni hatari kwake na kwa muuguzi atakayelikunja. Shangazi yangu, aliyenifunza kofia, hakuinuka hata siku moja penye kazi bila ya kuzichomeka sindano zake kwenye kipande cha flana na kuzihesabu, wala hakuniacha mimi niinuke.

"Umetoa ngapi, mwanangu?"

"Tano, shangazi."

"Na hapo pana ngapi?"

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikishwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji, likaijaribu katika hospitali za miji 8 ulimwenguni, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, hapa hapa Tanzania. Pamoja na jina la mgonjwa na mahali pa kupasuliwa, muuguzi hutakiwa atamke, kabla mgonjwa hajatolewa, kwamba hesabu ya vyombo, vitambaa na sindano imetimia. Na katika jaribio lile vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nilipomsimulia shangazi habari hiyo hakustaajabu hata kidogo. Aliuliza tu, kabla ya mwaka huo walikuwa wakihesabu vipi.