Fadhila ya Mwezeshaji

Katika kazi nyingi ambazo watu hutendeana kwa hisani, iko moja isiyotajwa sana wala kupewa kiti cha mbele, nayo ni kazi ya mwezeshaji: mtu aingiaye katika baraza la wenziwe akiwa na maswali mengi na hotuba chache, akawaongoza kuyaona kwa macho yao wenyewe mambo yaliyowazunguka siku zote pasipo kutafakariwa. Naisifu kazi hii nikiitazama Segese, katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, upande wa Shinyanga unaoelekea Geita. Maana katika nchi hii ya dhahabu, ambako habari ya duara, yaani shimo la wachimbaji, lililotema dhahabu huwavuta watu kwa mamia na habari ya duara lililokauka huwatawanya, chama kinachosimama juu ya ufasaha wa mwenyekiti mmoja hakina umri mrefu.

Tazama kikundi cha hisa cha kina mama kinapokutana. Kasha la fedha lina makufuli matatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu wasio viongozi. Mkutano uliopita ulipofungwa, salio lilitangazwa na kila mtu akaagizwa alikumbuke. Leo, kabla kasha halijafunguliwa, swali huulizwa: tulibakiza kiasi gani? Mwalimu mwenye haraka hulisoma jibu daftarini, mambo yakaendelea. Mwezeshaji aliyeiva huuliza, kisha hungoja, hata kama kungoja kwenyewe kunawaudhi wenye sauti kubwa, mpaka mama aliyeketi nyuma, asiyezoea kusema mbele ya watu, ataje kiasi kile bila kukosea. Tangu saa hiyo mhazini analindwa dhidi ya shuku, mwenyekiti analindwa dhidi ya tamaa, na mama yule amekwisha kuonja uongozi.

Ustadi huu haukuletwa Shinyanga na wageni. Wasukuma walikuwa na dagashida, baraza la kimila ambamo sheria za kijiji zilijadiliwa hata zikakubalika, na thamani yake ilidhihirika baada ya nchi kukaribia kuwa jangwa kwa ukataji wa miti, upanuzi wa mashamba na wingi wa mifugo. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, nao ukaanza kwa bustani kubwa za miche na miti ya kigeni. Walakini baraka yake ilizidi pale wataalamu walipogeuka wakawauliza wenyeji desturi zao, wakaelekezwa kwenye ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Dagashida likaamua, sungusungu, yaani walinzi wa jadi, wakalinda, na ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 mradi ulipoanza zikapita hekta 300,000 mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa uliitunukia HASHI Tuzo ya Ikweta.

Taifa zima nalo limeionja fadhila hii. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kuamsha mazungumzo, ili kipindi kilipokwisha wanakikundi wajadili hali ya vijiji vyao, kisha wakachimbe vyoo na kufukia madimbwi.

Asasi zetu za leo nazo zaihitaji fadhila hiyohiyo. Huandika taarifa kila mwaka, na ni wajibu wao mbele ya msajili na mfadhili. Lakini taarifa huhesabu semina zilizofanyika, ilhali haisemi ni nani aliyeketi kimya katika semina hizo, wala kwa nini. Hilo hufichuliwa na muhasaba, yaani watu kuketi pamoja na kujihesabia matendo yao kwa insafu. Muhasaba kwa asasi ni mithili ya matimba, nguzo za mbao zinazozuia kuta, katika duara: hayachimbi dhahabu hata chembe, lakini pasipo hayo wachimbaji hufukiwa. Wako viongozi wanaouogopa wakidhani kwamba maswali hupunguza heshima, ilhali kiongozi aulizwaye hadharani akajibu kwa kweli hupata heshima isiyohitaji kulindwa na mtu.

Basi, ndugu kiongozi wa asasi, kabla hujaandika mpango mpya, waite wafanyakazi wako, wajumbe wa bodi yako na wale unaowahudumia, uwaulize mambo manne: tulikusudia nini, kumetokea nini, kwa sababu gani, na tubadili nini. Mpe mtu mwingine kazi ya kuongoza mazungumzo, nawe usikilize kama mjumbe. Iandike siku hiyo katika kalenda, gharama zake uzitie katika bajeti, na lililoamuliwa litekelezwe kabla ya kikao kinachofuata.