Namna ya Kuionja Hadithi Iliyopitia kwa Mashine

Ukitaka kujua kama hadithi fupi imeshikwa mkono na akili bandia, nenda kwanza kwenye aya ya mwisho. Programu kama ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022, hufunzwa kukisia neno linaloelekea kufuata, kisha hunolewa kwa majibu yaliyowapendeza watu wanaoipima. Ndiyo maana hupenda suluhu. Mama na binti waliokosana miaka mingi wanapatana ndani ya mistari mitatu, jua linachomoza, moyo unajaa matumaini mapya. Ugomvi wote ule haukumgharimu mtu kitu.

Halafu sikiliza wahusika wanavyosemezana. Mashine humfanya mhusika ajieleze kama yuko mbele ya hakimu: "Nina hasira kwa sababu ulinipuuza." Mke wa Tanga aliyekasirika hasemi hivyo. Anamwandalia mumewe chakula, anakaa kando, na akiulizwa kulikoni anajibu, "Mie? Sina neno. Kula, Baba Asha." Mume atakula, lakini tonge halitashuka. Mwandishi anayeweza kuacha mambo hapo, bila kutufafanulia, ndiye wa kusomwa.

Mashine pia hujirudia, lakini kujirudia peke yake si kosa. Bibi zetu nao walikuwa na sungura yuleyule na fisi yuleyule kila usiku, ila bibi alijua kumchomeka jirani mchoyo ndani ya fisi, na watoto wakamtambua!

Hadithi moja pia inaweza kukudanganya. Utafiti wa Anil Doshi na Oliver Hauser, uliotoka mwaka 2024 katika jarida la Science Advances, ulionyesha kuwa hadithi za waliopewa mawazo na akili bandia zilionekana kuwa na ubunifu zaidi, lakini zilifanana zaidi zenyewe kwa zenyewe. Basi jaji wa shindano azitandaze kumi mezani kabla ya kuisifu hata moja.

Wapo wanaoitumia mashine kwa akili. Rie Qudan wa Japani, mshindi wa Tuzo ya Akutagawa Januari 2024, alisema kiasi cha asilimia 5 ya riwaya yake kilitoka kwa ChatGPT. Baadaye alifafanua kuwa ni pale akili bandia ya ndani ya riwaya inapojibu. Hapo mashine imesema kama mashine, na sioni ubaya.

Kipimo changu cha mwisho: futa jina la mji, weka jingine. Kama hakuna sentensi iliyoharibika, mrudishie mwandishi hadithi yake.