Sauti Hupimwa kwa Hatua

Daftari langu la usiku ule lina kurasa sita zilizojaa, na ukurasa wa tatu hausomeki. Ilikuwa Julai, na anayeijua Songea ya Julai anajua upepo unaoshuka kutoka Matogoro baada ya saa tatu usiku. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, wino unatoka na kukatika. Jukwaani alikuwa msanii kijana wa bongofleva. Jina lake halitanisaidia katika uchambuzi huu, kwa hiyo naliacha.

"Shikamoo mwalimu," kijana aliyesimama ubavuni kwangu alipaza sauti kushinda spika. "Si urekodi tu kwa simu?"

Nilimwitikia marahaba nikaendelea kuandika. Jibu lilikuwa refu kuliko wimbo uliokuwa ukipigwa, na nimelihifadhi hadi leo.

Simu hubeba kila kitu, na kwa sababu hiyo haichagui kitu. Ukirudi nyumbani na video ya saa nzima, bado kazi haijaanza. Mkono, kwa kuwa ni mzito, unakulazimisha kuamua papo hapo kipi kiandikwe na kipi kipite. Tena ukishajua kwamba simu inarekodi, macho yako yanalala.

Namna yangu ni hii. Napiga mstari mmoja wa kushuka katikati ya ukurasa. Kushoto naandika saa na wimbo. Kulia naandika kilichofanywa na mdomo, mikono na miguu, pamoja na kilichofanywa na watu. Gizani huwezi kuangalia karatasi, kwa hiyo kidole gumba cha kushoto hukaa kwenye mstari na kushuka hatua moja kila tukio linapokwisha, ili maneno yasipandane. Ukurasa wa tatu uliharibika kwa sababu kidole hicho nilikiingiza mfukoni kutafuta joto.

Kuna alama tatu. Msalaba: sauti ni yake. Duara: ni pleibeki, yaani wimbo wa studio unapigwa naye anafungua mdomo tu. Mshale: watu wanaimba wao. Pleibeki haitambuliki kwa midomo, maana wengi wamejifunza kuifuatisha vizuri. Tega sikio kwenye pumzi. Mtu akiruka mara kumi kisha akashika noti ndefu, noti ile lazima itikisike. Isipotikisika, weka duara. Akiwaelekezea watu maikrofoni na sauti yake ikaendelea kutoka kwenye spika, weka maduara mawili. Ipo na hila ya katikati: wimbo wa studio unapunguzwa, naye anaimba juu yake, zinasikika sauti mbili za mtu mmoja. Hapo mimi naweka msalaba ndani ya duara, nikikiri kwamba sina hakika na sehemu ya kila sauti.

Sifa siandiki kabisa. Neno "alipagawisha" likiingia kwenye daftari saa nne usiku, asubuhi huwezi tena kujua alifanya nini.

Kanuni hiyo nimejifunza kwa Shaaban Robert. Alikutana na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, katika siku za mwisho za uhai wa bibi yule, aliyefariki mwaka 1950, naye akaandika *Wasifu wa Siti binti Saad*, uliochapishwa baadaye na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Tazama ugumu aliokuwa nao kifundi: anaandika habari za sauti, na mwenye sauti ni mzee. Santuri zipo, maana Siti alikwishakwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, lakini santuri haibandikwi kwenye ukurasa.

Maisha ya Siti yenyewe yanampa mwandishi kipimo. Kabla ya taarabu, binti huyu wa Fumba aliuza vyungu. Alitoka shamba akaingia mjini akivinadi, na sauti ya kunadi ikafika mbali kabla yeye mwenyewe hajafika. Mchambuzi asiipite habari hiyo kama kionjo cha umaskini tu. Ni kipimo. Msomaji asiyejua hata maqam moja ya muziki anajua nyumba ya tano iko umbali gani na mlango wake. Ukimwambia sauti ilisikika huko, ameshaipima kwa hatua zake mwenyewe. Ukimwambia "sauti tamu", umemwachia asali ya kufikirika. Kwa upande wangu, Shaaban Robert huwa ananichosha anapoanza kuhubiri, na hahubiri kidogo, lakini alijua kuchagua mtu ambaye maisha yake yana vitu vya kushikika.

Baada ya kipimo, jambo la pili ni umri wa mwandishi. Kule Ufaransa, mwaka 1964, Elsa Triolet aliandika katika gazeti la *Les Lettres françaises* akimtetea mwimbaji Johnny Hallyday. Mama huyu alizaliwa Moscow mwaka 1896, na alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya fasihi ya Goncourt. Johnny alizaliwa mwaka 1943. Mwaka mmoja kabla ya makala hayo, umati wa vijana waliojaa Place de la Nation, Paris, kumsikiliza yeye na wenzake uliwatia wakubwa hofu. Bibi wa fasihi kumwandikia kijana wa gitaa na kelele lilikuwa jambo la kushangaza, na ndiyo maana liliandikika. Mtu wa mbali huona yale ambayo shabiki ameshayazoea. Hasara yake ni kwamba mtu huyo wa mbali hawezi kutofautisha wimbo wa tatu na wa nne, na mimi, nikiwa na mvi zangu, nilimuuliza kijana yule majina ya nyimbo nne.

Hapa kwetu kuna mzani mwingine. Atakayetazama lizombe ya Wangoni ataona ngoma, mguu na kiuno vikidaiana palepale, mbele ya macho ya watu. Mpigaji akichelewa, mchezaji anajua, na mama aliyekaa pembeni anajua pia. Lizombe haina pleibeki. Watu waliokulia kwenye ngoma ya namna hiyo hawadanganyiki kirahisi, hata wakishangilia. Katika daftari langu mishale imejaa kwenye nyimbo za maduara: watu waliimba wao kwa sababu hakuna aliyekuwa akiwaimbia.

Kazi ya mwisho hufanywa kabla ya kulala. Nilifika nyumbani saa saba, nikachemsha maji ya chai, nikanakili kila mstari kwenye karatasi safi wakati sikio bado linavuma. Ukiacha hadi kesho utasoma "mkono juu" na hutakumbuka mkono wa nani.

Hesabu ikatoka hivi: nyimbo tisa, maduara sita, msalaba ndani ya duara mmoja, misalaba miwili. Mmoja kati ya hiyo miwili ulikuja umeme ulipokatika na msanii akaimba kwa koo tupu huku jenereta likitafutwa. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na geti, na nilimsikia kila neno. Kiingilio kilikuwa shilingi elfu kumi. Nyimbo hizo mbili zilistahili elfu saba.